Walichokiona Shore

Kazi ya useremala haina siri. Fundi akiamka, mtaa mzima unajua. Kwanza unasikia msumeno, kisha randa, kisha nyundo. Majirani walishazoea. Siku ambayo hapakuwa na kelele, walikuja kuuliza kama anaumwa.

Karakana ya Fundi ilikuwa banda la mabati lililoegemea ukuta wa nyumba. Hapo alitengeneza milango, vitanda, meza na viti. Mke wake, Mama Bosi, alifanya naye kazi. Fundi alikata na kuunga. Mama Bosi alipiga msasa, kisha akapaka vanishi. Kucha zake zilikuwa za kahawia siku zote, hata alipokwenda harusini. Wateja walisema kiti ni cha Fundi, lakini mng'aro ni wa mke wake. Fundi hakubisha.

Walikuwa na watoto wawili wa kike. Mkubwa alikuwa darasa la sita. Alipoanza kusema, maneno yake ya kwanza yalikuwa amri: keti, kula, nyamaza. Ndiyo maana wakamwita Bosi. Mdogo alizaliwa kabla ya wakati, akiwa mdogo mno, wakamwita Tone. Sasa Tone alikuwa na afya njema, na hakutulia mahali pamoja hata kidogo.

Nyuma ya banda palikuwa na rundo la mbao. Humo mlikuwa na mbao zilizopasuka, miguu ya viti iliyokatwa vibaya, magogo na vipande vya kila aina. Vyote vilirundikwa chini, juu ya udongo, mpaka ukutani. Kila mwaka rundo liliongezeka. Panya walihamia humo, na kila siku walitoka kula chakula cha kuku. Mama Bosi alimwomba mumewe mara nyingi aliondoe. Fundi alijibu kuwa kwa seremala hakuna ubao wa kutupa. Ipo siku kila kipande kitapata kazi yake.

"Hiyo siku ikifika uniamshe," alisema Mama Bosi, na wote wawili wakacheka.

Karibu na rundo hilo palikuwa na mpera. Juu ya mpera waliishi shore wawili. Shore ni ndege wa kawaida, mwenye kichwa cheusi na mwili wa kahawia. Utamwona karibu kila penye miti ya matunda. Asubuhi huimba vizuri. Mama Bosi alipenda kupiga msasa huku wakiimba. Alisema wanampa mwendo.

Jumamosi moja asubuhi Fundi alikuwa anakata mbao za mlango. Mwenye mlango alikuwa anausubiri, na Fundi alikuwa na haraka. Mara shore mmoja akaanza kupiga kelele juu ya mpera.

Haukuwa wimbo wa kila siku. Ilikuwa sauti kavu, ya kukwaruza, isiyokatika. Mwenzake akaja naye akapiga kelele vilevile. Kisha akaja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Shomoro wakashuka kutoka kwenye paa. Wote waliruka kutoka tawi hadi tawi, wakipigapiga mabawa, wakiangalia chini. Hata kuku walinyoosha shingo na kusimama.

Mama Bosi akaacha msasa. "Hawa leo wana nini?" aliuliza.

Fundi alisema bila shaka ni ugomvi wa mahari. Upande wa bibi harusi umeona mahari ni ndogo. Mama Bosi akacheka, lakini aliendelea kuangalia mpera. Kelele hazikuisha. Ziliingia masikioni mwa Fundi kama msumari. Mkono wake ukateleza, msumeno ukaacha mstari, na ubao mzuri ukaharibika.

Hasira zikampanda. Akaokota kipande cha ubao akakirusha juu ya mpera. Akarusha na cha pili. Ndege wakatawanyika. Pakawa kimya.

"Sasa tufanye kazi," alisema.

Mchana ulipopita, Mama Bosi alibandika maharage. Moto ulikuwa mdogo, akaenda kwenye rundo kutafuta kuni. Vipande vikavu vilikuwa ndani zaidi, katikati ya mbao mbili. Akapeleka mkono.

Alihisi kitu kikimgonga karibu na kidole gumba. Alidhani ni msumari. Alipotoa mkono aliona matone mawili ya damu, yamekaa karibukaribu. Kisha akaona mkia mweusi ukiteleza na kupotea ndani ya rundo.

Hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa sauti ya kawaida. "Baba Bosi, njoo. Nimeumwa na nyoka."

Yaliyofuata Fundi aliyakumbuka kwa miaka mingi, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Kwanza alichukua shoka. Badala ya kumshughulikia mke wake, alianza kulibomoa rundo ili amuue nyoka. Alibomoa mpaka jasho likamtoka, na nyoka hakumwona. Majirani wakaja. Msusi, mama mmoja anayesuka nywele nyumba ya pili, alikuja mbio akiwa na kamba. Aliufunga mkono wa Mama Bosi juu ya kiwiko. Aliukaza kwa nguvu zake zote mpaka vidole vikabadilika rangi. Mtu mwingine akaleta wembe, wakachanja palipoumwa ili sumu itoke na damu. Mwingine akasema kuna mzee mtaa wa mbali mwenye jiwe la kunyonya sumu. Wakatuma mtu akamlete.

Wakasubiri. Kila mmoja alikuwa na nia njema, na hakuna aliyesema hospitali.

Mzee akaja, jiwe likawekwa. Likagandia kwenye kidonda, na watu wakapumua. Lakini Mama Bosi alisema macho yake ni mazito. Kope zilikuwa zinaanguka, na hakuweza kuzinyanyua. Alisema anaona watu wawiliwawili. Kisha ulimi nao ukawa mzito. Alimtafuta Bosi kwa macho. Alipomwona, alimwambia neno moja tu, polepole, kama mtu mwenye usingizi.

"Angalia maharage yasiungue."

Wakati huo Bibi Shamba alikuwa anarudi kutoka kazini. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, na nyumba yake ilipakana na ya Fundi. Aliona watu wamejaa, akasimamisha pikipiki. Aliuliza swali moja: ameumwa saa ngapi. Walipomjibu, hakulaumu mtu. Alikimbia barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, na Mama Bosi akabebwa.

Walipofika hospitali, kifua cha Mama Bosi kilikuwa kinapanda kwa shida. Alipewa kitanda mara moja. Daktari na wauguzi walifanya kila walichoweza. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwepo. Muda ndio uliokosekana. Jua halijazama, Mama Bosi akakata roho.

Siku ya maziko, mama mzazi wa marehemu alikaa karibu na ukuta, macho makavu. Watoto walimwita Bibi. Watu walipopungua alimwita mkwe wake. Alimuuliza binti yake alikaa nyumbani muda gani kabla ya kupelekwa hospitali. Fundi aliinama, akaanza kukusanya viti vya wageni. Bibi hakurudia swali.

Matanga yalipokwisha, alifunga nguo za Tone kwenye mfuko.

"Bosi ana shule yake, abaki," alisema. "Huyu ninakwenda naye. Siwezi kumwacha mahali palipomchukua mama yake."

Fundi aliubeba mfuko mpaka barabarani. Tone alilala begani kwa bibi yake. Hakujua kuwa anahama.

Nyumba ikawa kubwa. Fundi alifanya kazi kidogo, kisha akaacha. Viti vilisimama bandani bila kupigwa msasa, na aliona haya kuvigusa. Bosi alipika, alifua, akaenda shule, na hakumwamrisha mtu yeyote. Jioni baba na mtoto walikula bila kuzungumza.

Siku moja Msusi alikuja kuwaangalia. Alisema amefikiri sana kuhusu wale ndege waliopiga kelele asubuhi ile. Watu wa kale walijua, alisema. Kuna ndege njema, ishara ya heri, na kuna ndege mbaya, ishara ya shari. Wale walikuja kuita kifo, na kifo kikaja. Kama nyumba ingekuwa yake, asingeuacha ule mti umesimama.

Maneno yale yalimwingia Fundi. Kuwachukia ndege kulikuwa rahisi kuliko mambo mengine aliyokuwa akiyafikiri. Kesho yake alichukua shoka, akaenda kwenye mpera. Bosi alimfuata, akasimama kando. Shoka lilipopiga shina mara ya kwanza, shore wakaruka. Bibi Shamba alisikia, akaja upande wa uzio.

"Fundi," alisema, "huo mti umekukosea nini?"

Fundi alimweleza. Alisema ndege hawa ndio walioleta nyoka. Bibi Shamba alikuwa na jambo la kusema, na lilikuwa zito. Mwisho alifungua kigeti cha uzio akaingia. Hakumgeukia Fundi. Alimgeukia Bosi.

"Siku ile ulikuwepo. Ndege walikuwa wanaangalia wapi?"

"Chini," alijibu Bosi. "Kwanza chini ya mti. Halafu kwenye rundo."

"Na waliruka juu, wakaenda zao?"

"Hapana. Walishuka karibu. Walikuwa kama wanataka kupigana na kitu."

Bibi Shamba akatikisa kichwa kukubali. Aliketi juu ya gogo, akawaeleza polepole.

Alisema ndege wana maadui wa aina mbili. Kuna adui wa angani, kama mwewe. Ndege akimwona mwewe anapita, hutoa mlio mmoja mwembamba, mfupi. Wote wanaousikia hujificha, na bustani nzima huwa kimya. Kupiga kelele hapo ni kujitangaza. Lakini kuna adui wa chini, anayekuja kwa kunyata, kama nyoka au paka anayewinda. Huyo nguvu yake ni siri. Akishaonekana, mawindo yake yameharibika. Kwa hiyo ndege hawamkimbii.

"Wanamzomea," alisema. "Kama mtaa unavyomzomea mwizi. Yuko hapa, mwoneni. Wanamfuata tawi kwa tawi mpaka aone aibu aondoke. Na ndege wanaangalia tabia. Paka akilala juani, wanaweza kumwacha. Akianza kunyata, kelele zinaanza."

Bosi aliuliza kwa nini chozi na shomoro walikuja, na wao si shore.

"Jirani yako akipiga yowe la moto, hata kama lugha yake huijui, utabaki ndani?" aliuliza Bibi Shamba. "Na wao ni hivyohivyo. Kila ndege ana wimbo wake, lakini yowe la shore wengi wanalielewa. Wanakuja kuona, na wakimwona adui wanasaidia kuzomea. Hata kuku walisimama, sivyo? Walisikia."

Fundi alikuwa bado ameshika shoka. Alisema kwa sauti ya chini sana.

"Kwa hiyo walimwona nyoka. Walikuwa wanasema yuko hapa. Na mimi nikawapiga kwa mbao."

Bibi Shamba aliinuka kwenye gogo. "Ndiyo maana nilisita kukueleza, Fundi. Nilijua ukielewa utaumia. Lakini sikiliza. Hawakuwa wanakuambia wewe. Walikuwa wanaambiana wao. Sisi tunasikia tu kwa sababu tunaishi nao, na anayesikia bila kufundishwa haelewi. Mimi nilifundishwa. Nimekaa upande wa pili wa uzio huu miaka yote, na sikuwahi kukuambia. Nami nina mzigo wangu."

Kisha akaonyesha rundo. Alisema nyoka alifuata panya. Panya walifuata chakula cha kuku, na rundo likawapa nyumba. Tukisema ni ndege mbaya, alisema, tutaukata mti na rundo litabaki.

Fundi aliweka shoka chini. Aliketi palepale kwenye udongo, akaufunika uso kwa mikono. Bosi alikwenda akakaa karibu naye. Ilikuwa mara yao ya kwanza kulia pamoja.

Kazi ya kuondoa rundo ilianza asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshawaka. Bibi Shamba aliwaambia wavae viatu virefu na glavu ngumu. Hawakuchukua ubao kwa mkono kabla ya kuugeuza kwa mti mrefu. Mbao nzuri Fundi alizipanga juu ya vichanja, mbali na ukuta, na chini yake mtu aliweza kuona mpaka upande wa pili. Zilizobaki waliwagawia majirani ziwe kuni. Mashimo ya ukuta yalizibwa kwa saruji. Chakula cha kuku kiliwekwa kwenye pipa lenye mfuniko. Nyasi zilifyekwa. Nyoka yule hawakumwona, lakini waliona ngozi aliyoivua. Fundi aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akaitupa motoni.

Bosi ndiye aliyetunga sheria ya nyumba, na hapo baba yake alitambua kuwa mtoto wake anaanza kurudi. Sheria ilisema: mkono usiende mahali ambapo jicho halijafika.

Bibi Shamba alimwomba muuguzi wa zahanati aje kuwafundisha watu wa mtaa. Walikusanyika mbele ya banda la Fundi. Msusi naye alikuja, akakaa nyuma. Muuguzi alisema mtu akiumwa na nyoka, asikimbie wala asitembee, kwa sababu mwendo huisambaza sumu. Alazwe, atulizwe. Avuliwe pete, bangili na chochote kinachobana, kwa kuwa mkono unaweza kuvimba. Asichanjwe. Asifungwe kamba ya kukaza. Sumu isinyonywe kwa mdomo wala kwa jiwe. Nyoka asifukuzwe, inatosha kukumbuka alivyo. Aliyeumwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, akiwa amebebwa.

Mtu mmoja alisema yeye aliona kwa macho yake jiwe likimponya jirani. Muuguzi alijibu kuwa si kila nyoka ana sumu, na hata mwenye sumu si kila mara huitoa anapouma. Aliyepona kwa jiwe angepona hata kwa kijiko. Watu wakacheka kidogo.

Kisha muuguzi akasema kiungo kilichoumwa kisitikisike. Tafuta ubao ulionyooka, uulaze mkono au mguu juu yake, kisha ufunge kwa kitambaa, bila kukaza sana.

"Ubao wowote," alisema. "Hapa kwa Fundi, kwa mfano, hamuwezi kukosa."

Hakujua alichokisema. Fundi aliinuka taratibu, akazunguka nyuma ya banda. Alibaki huko mpaka mafunzo yakaisha.

Msusi alimfuata. Alianza kusema habari ya kamba, akalia. Fundi alimwambia kuwa yeye Msusi alikuja mbio akiwa na kamba, na yeye mume alikwenda na shoka. Hakuna aliyejua. Sasa wanajua. Msusi alifuta macho kwa kiganja, akarudi nyumbani kwake.

Wiki ile Fundi alikata mbao nyembamba, ndefu na fupi, kwa ajili ya mikono na miguu. Alizipiga msasa mwenyewe. Hakuwa na mkono mwepesi kama wa mke wake, kwa hiyo alirudia mara kwa mara, mpaka ubao ukawa laini usiweze kumchubua mgonjwa. Alipeleka nyingine zahanati. Nyingine aligawa nyumba kwa nyumba. Hakudai chochote.

Alikwenda pia kwa mama mkwe wake. Alikwenda mara nyingi. Bibi alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamruhusu kucheza na Tone. Fundi alimweleza kuhusu vichanja, saruji na pipa la chakula cha kuku. Bibi alisikiliza. Alisema amefanya vizuri. Lakini kila Fundi alipotaja habari ya mtoto kurudi, Bibi alikusanya vikombe. Fundi alirudi peke yake.

Shule zilipofungwa, Bosi alituma ujumbe kwa bibi yake. Alisema amemkumbuka mdogo wake. Bibi akaja naye, kwa nia ya kushinda tu na kurudi jioni. Hakuwa amekanyaga pale tangu matanga. Alizunguka uwanja mzima. Aliinama akaangalia chini ya vichanja. Alipapasa saruji ukutani. Tone alikwenda moja kwa moja kuwakimbiza kuku.

Walikuwa wanakunywa chai bandani shore walipoanza.

Ilikuwa sauti ileile kavu. Fundi aliweka kikombe chini. Mmoja, kisha wawili. Chozi akaja, shomoro wakashuka.

"Simameni hapohapo," alisema Bosi. "Tone, usiondoke. Simama."

Hakupaza sauti, lakini wote walimtii, hata bibi yake. Tone alisimama mkono mmoja ukiwa hewani. Bosi aliangalia ndege, kisha akafuata macho yao. Hawakuwa wanaangalia banda. Walikuwa wanaangalia uzio, upande wa kuku. Bosi alimwendea Tone kwa upande wa pili, akiangalia kila anapokanyaga. Alimnyanyua na kumkabidhi kwa bibi yake. Wote wakarudi mlangoni mwa banda.

Ndipo walipomwona nyoka. Alikuwa mweusi, mnene kama mpini wa jembe, akitambaa kando ya uzio. Alifika mahali palipokuwa na rundo, akainua kichwa. Hapakuwa na rundo. Alijaribu ukuta, hapakuwa na tundu. Ndege walimfuata, wakimzomea kutoka juu, na kila alipogeuka nao waligeuka.

Shoka lilikuwa palepale, karibu na mkono wa Fundi. Hakulishika. Alibaki mbali, akimwangalia nyoka asimpoteze, huku akimpigia simu askari wa wanyamapori. Bibi Shamba alikuwa amempa namba hiyo siku nyingi zilizopita. Askari alikuja na fimbo yenye ndoana na gunia nene. Nyoka alikuwa amejikunja kwenye kona ya uzio, na ndege walikuwa bado wanaonyesha kona hiyo. Askari alimshika, akamtia guniani, akafunga. Alisema angeenda kumwachia msituni, mbali na watu.

Ndege walinyamaza mmojammoja. Chozi akarudi kwenye maua yake.

Bibi aliketi kwenye benchi. Tone alikuwa mapajani mwake, na mikono yake ilimzunguka kwa nguvu. Aliuliza bila kumwangalia Fundi.

"Siku ile walilia hivihivi?"

"Hivihivi, mama."

"Na yeye aliwasikia?"

"Aliwasikia. Aliniuliza wana nini. Nikafanya mzaha. Kisha nikawafukuza kwa mbao, kwa sababu walinisumbua." Fundi akamgeukia. "Sikuwahi kukuambia. Na lile swali lako la siku ya maziko, jibu lake ni kwamba alikaa muda mrefu. Mrefu sana. Tulikuwa tunasubiri jiwe."

Machozi yalianza kumtoka Bibi, yale ambayo siku ya maziko hayakutoka. Alilia bila sauti mpaka Tone akajaribu kumfuta kwa mikono yake yenye vumbi. Hakuna aliyemharakisha.

Baadaye alinawa uso, akamwomba Bosi amwonyeshe jinsi ya kuufunga mkono kwenye ubao. Bosi alimlaza Tone mkekani, akafundisha. Bibi alirudia mpaka akaweza. Alichukua mbao mbili, akasema atazipeleka kwa majirani zake, kwani na huko watu bado wanakimbilia kamba.

Jua lilipoanza kupoa, alijifunga mtandio akaaga. Tone alikuwa amesinzia mkekani. Fundi aliinama amnyanyue ampe bibi yake. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Mwache alale," alisema. "Nguo zake nitaleta Jumapili." Alivaa viatu polepole. "Akiamka huwa anataka maji, na anataka kushika kikombe mwenyewe. Usimpe kikombe kizito."

Fundi alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliingia jikoni, akaanza kutafuta kikombe chepesi.